Siafu wameniumbua
Jana nilijificha msituni Amani, kule Muheza, kwa muda wa karibu saa moja na nusu, nikivizia wanyama. Shati la kijani lililochakaa, manukato hakuna (harufu inakusaliti kabla ya macho), mgongo kwenye mizizi ya mti mkubwa. Hondohondo wakapita juu, mabawa yakivuma kama mtu anapepeta mchele.

Kisha mbega wakashuka matawi ya chini. Jike na kitoto cheupe pe! Hatua kumi hivi, wala hawana habari nami. Hata mate nilimeza kwa adabu.

Siafu wa kwanza nikavumilia. Wa pili pia. Wa tatu alipofika pajani nikapiga yowe, mbega hao! Mzee aliyeniongoza alikuwa nyuma yangu muda wote, sikumwona. Alicheka hadi machozi.