Modeli na migresheni yake zisitengane

Umeme wa Goma hukatika bila taarifa, kwa hiyo funga kazi ya Django (mfumo wa Python wa kujenga tovuti) kwa mafungu madogo: badiliko la models.py, faili la modeli zinazoeleza majedwali ya hifadhidata, pamoja na faili lake la migresheni, yaani maelekezo ya kubadilisha majedwali hayo, komiti moja ya Git (hatua moja iliyohifadhiwa katika historia ya msimbo). Modeli zilizoshikana kwa ForeignKey (kiungo cha jedwali moja kwenda jingine), tuseme Duka na Bidhaa, zikae fungu moja.

Balaa ni matawi mawili ya Git (kazi mbili zinazoendelea sambamba), kila moja na migresheni yake namba 0007, zote zikitegemea 0006. Majina ya faili yanatofautiana, basi Git inanyamaza. Django ndiyo inagoma ukiendesha migrate, amri ya kutekeleza migresheni. Migresheni hizo zisipogusa safu (column) moja ya jedwali, amri ya kuziunganisha, makemigrations --merge, inatosha. Zikigongana, rudisha kwanza hifadhidata yako hadi 0006, ndipo ufute 0007 yako ambayo hujaituma, uvute ya mwenzako, uitengeneze upya. Ukifuta kabla ya kurudisha, jedwali linabaki na safu yatima.