Fundi, itachukua muda gani?

Swali hili naulizwa kila wiki, na mwenye ofisi huwa ameshajijibu: "Si dakika tano tu?" Kumfungulia mfanyakazi mpya akaunti ya kompyuta ni dakika tano kweli, kama umeme upo na jina lake umepewa kamili. Lakini mimi ni fundi wa kompyuta hapa Lamu, nahudumia ofisi na nyumba za wageni kuanzia Langoni mpaka Shela, nyingine ziko ng'ambo Mokowe, na kuna shule moja kisiwani Pate. Ukihesabu dakika za kibodi peke yake, utamdanganya mteja.

Daftari langu lina safu mbili: muda wa mikono na muda wa kungoja. Data ya gigabaiti 180, ukiinakili kwenye diski inayoandika megabaiti 30 kwa sekunde, ni dakika 100. Mikono yangu inahitajika mwanzoni, halafu mwishoni kufungua faili mbili tatu nione kama zinasomeka. Nakala ambayo haijafunguliwa siihesabu kuwa ipo, kwa hiyo dakika hizo za mwisho naziandika na nazidai.

Masasisho ya usalama ya Windows hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kwetu huwa ni saa mbili au saa tatu usiku, ofisi zimefungwa. Asubuhi yake mashine zote zinawashwa pamoja na kugombania laini moja ya intaneti, huku mapokezi wageni wanataka risiti waondoke. Jumatano hiyo asubuhi simwahidi mtu kazi nyingine.

Kwa kazi zisizotabirika natumia hesabu ya kukadiria muda iitwayo PERT, iliyobuniwa mwaka 1958 kwa mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la majini la Marekani. Unachukua muda mfupi kabisa, unaongeza ule wa kawaida mara nne, unaongeza mrefu kabisa, unagawa kwa sita. Printa ya mtandao iliyogoma: dakika 30, 60, 210. Jibu ni 80. Mteja namwambia 80, na ile 210 pia namtajia, maana ni haki yake kuijua kabla hajapanga siku yake.

Pate ndiko hesabu zote hutii bahari. Boti hupita mkondo mwembamba wa bahari uitwao Mkanda, na maji yakipwa hapapitiki. Saa ya maji kujaa nayo husogea kama dakika 50 kila siku, hivyo ratiba ya wiki iliyopita haikusaidii. Kubadilisha nenosiri la ruta ni dakika kumi. Kulifuata ni siku nzima. Nimemwonyesha mwalimu wa kompyuta kazi za akaunti na nenosiri azifanye mwenyewe. Zilizobaki tunazikusanya, na kwenye ankara naandika wazi: kazi saa mbili, safari siku moja. Mwalimu mkuu alipoiona mara ya kwanza aliuliza, "Hii siku moja ni ya nini?" Nikamwonyesha jedwali la maji. Akatia sahihi.