Pima kwanza, fungua baadaye: ubovu wa ndani wa injini ya 1NZ

Gari likianza kula oili au kukosa nguvu, hukumu ya gereji nyingi hutoka kabla boneti halijafunguliwa vizuri: "Hii ni ovahoo." Mwenye gari anauza kitu chake nyumbani, injini inashushwa, pistoni, ringi na beringi zote zinabadilishwa, kumbe tatizo lilikuwa sili za valvu (vimpira vinavyozuia oili isiteremke kwenye valvu), au valvu moja ya moshi iliyoungua. Injini iliyochoka ina njia nyingi za kueleza mahali inapoumia, na karibu zote zinasomeka ikiwa bado imekaa kwenye gari, kwa vifaa ambavyo gereji yoyote inayojiheshimu inapaswa kuwa navyo.

Nitatumia 1NZ-FE kama mfano, kwa sababu ndiyo iliyojaa barabarani kwetu: IST, Probox, Spacio, Axio, baadhi ya Vitz na Funcargo. Ni cc 1497, silinda nne, inatumia cheni badala ya beti, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Mantiki ya vipimo ni ileile kwa injini nyingine za petroli. Kinachobadilika ni namba.

Anza na moshi, maana haugharimu kitu. Zima gari usiku kucha, asubuhi mtu mwingine apige stata huku wewe ukiwa nyuma ya bomba. Wingu la bluu linalotoka mara moja kisha likaisha ni oili iliyoteremka taratibu kwenye shina la valvu: sili zimekauka. Jaribio la pili ni kushuka mlima mrefu ukiwa umeachia mafuta na gia iko ndani, halafu ukanyage. Mvuto ndani ya silinda ulikuwa mkubwa, sili mbovu zimepitisha oili, na ukikanyaga tu inatoka bluu. Ringi zina tabia tofauti. Zenyewe hutoa bluu kadiri unavyokanyaga na injini ikiwa na mzigo, na moshi haukatiki. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, wenye harufu tamutamu ya kulanti (maji ya rejeta), unakuelekeza kwenye gasketi ya hedi, yaani ile inayoziba kati ya bloku na sehemu ya juu ya injini. Mweusi ni petroli nyingi, kwa hiyo huo wapelekee nozeli (zinazopuliza petroli) na sensa, usifungue injini kwa ajili yake.

Kabla hujaendelea, chomoa valvu ndogo ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa) kwenye kifuniko cha valvu uitikise. Ikilia taka-taka inafanya kazi. Ikiwa kimya imeganda kwa masizi, na injini nzima kabisa inaweza kula oili kwa sababu yake. Ni kipuri cha bei ndogo, na inasikitisha kuona ringi zikilaumiwa kwa kosa lake.

Sasa kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda. Hapa ndipo watu wanapima vibaya, wanapata namba za uongo, wanafungua injini nzima. Washa injini mpaka ipate joto lake la kawaida, uzime. Hakikisha betri imejaa, maana stata ikizungusha kwa uchovu geji itasoma chini hata kama pistoni ni mpya. Chomoa soketi za koili nne, fungua boliti zake za namba 10, zitoe. Piga upepo wa kompresa kwenye mashimo ya plagi kabla hujazilegeza, kwani mchanga uliokaa pale ukidondoka ndani utakwaruza ukuta wa silinda uliokuja kuupima. Toa plagi zote nne kwa soketi ya 16, si moja moja. Kata petroli kwa kuchomoa soketi za nozeli.

Kisha fungua throto, yaani mlango wa hewa ya injini, yote. Kwenye gari la kebo, mtu akanyage mpaka mwisho. Kwenye gari ambalo pedali yake ni ya umeme, usiamini mguu. Ukiwa umetoa fyuzi ya EFI (mfumo wa umeme wa kupuliza petroli), pedali haifungui kitu, na silinda zote nne zitasoma chini kwa pamoja. Toa bomba la hewa uangalie kwa macho kama bamba la throto limefunguka. Kama halijafunguka, umeme ukiwa umekatwa, lishikilie kwa kipande cha mti.

Funga geji kwenye silinda ya kwanza, piga stata mizunguko sita ya mgandamizo, na hesabu hiyohiyo uitumie kwa zote. Angalia sindano inavyopanda, si mahali inapoishia tu. Silinda nzima hupanda sana kwa pigo la kwanza, kisha inamalizia haraka. Ringi zilizochoka huanza chini zikapanda polepole, pigo baada ya pigo. Valvu inayovuja huanza chini na kubaki hukohuko. Kwa 1NZ namba ya kiwandani ni karibu PSI 213 (PSI ni kipimo cha presha), ukomo wa chini ni 156, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Tofauti ndiyo ya kutazama kwa makini zaidi. Silinda nne zenye 170 kila moja ni injini ya umri mkubwa inayoweza kufanya kazi bado. Tatu zenye 200 na moja yenye 130 ni injini yenye jeraha.

Tuseme silinda namba tatu imesoma 130. Mwaga ndani yake oili safi mililita 10 hivi, kijiko cha chakula kisichojaa, kupitia tundu la plagi, kisha pima tena. Oili huziba kwa muda mwanya kati ya ringi na ukuta. Namba ikiruka hadi 180, mwanya uko kwenye ringi au silinda imelika. Ikibaki 135, oili haikusaidia kwa sababu upepo unatokea juu: valvu au gasketi. Usizidishe kipimo, maana oili nyingi hupunguza nafasi ndani ya silinda na namba itapanda hata pasipo sababu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, kwa mfano ya pili na ya tatu, shuku kwanza gasketi iliyoungua kwenye daraja kati yake. Na zote nne zikiwa chini kwa kiwango kimoja, rudia kuangalia betri na throto, kisha cheni kama imeruka jino.

Kosa moja linawapoteza hata mafundi wazoefu: kompresheni nzuri haimaanishi ringi nzima. Pistoni ina ringi mbili za juu zinazozuia mgandamizo, na ya tatu ya chini inayokwangua oili. Hiyo ya tatu ikigandishwa na masizi, injini itakunywa oili huku geji ikisoma vizuri, pengine hata zaidi ya kawaida, kwa kuwa oili inasaidia kuziba. Ndiyo shida iliyozifanya 1ZZ-FE za mwanzo na 2AZ-FE zijulikane: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yanaziba, ringi inakwama. Kwa hiyo pima ulaji wenyewe. Jaza oili hadi alama ya juu, gari likiwa limesimama sawa na limezimwa dakika kumi, tembea kilomita 1000, kisha rudisha kwenye alama ileile kwa chupa yenye vipimo. Lita nzima kwa kilomita 1000 ni nyingi mno kwa sampu (bakuli la oili chini ya injini) inayobeba lita 3.7.

Kama geji imekuelekeza juu, upepo utakuonyesha mlango wenyewe. Peleka pistoni ya silinda husika juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefungwa, toa spana kwenye boliti ya krenki, shafti inayozungushwa na pistoni (upepo unaweza kuizungusha ghafla na kuvunja mkono), kisha ingiza upepo wa kompresa kwa adapta iliyofungwa mahali pa plagi, ukianza na presha ndogo. Sikiliza. Mlio kwenye throto bodi ni valvu ya kuingiza. Kwenye bomba la moshi ni valvu ya kutoa. Kwenye mdomo wa oili ni ringi, na kidogo hapo ni kawaida kwa injini yoyote. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi au hedi iliyopasuka. Upepo ukitokea tundu la plagi la jirani, lile daraja la gasketi limekwenda.

Ikiwa ni valvu ya moshi, usikimbilie kutoa hedi. Fungua kifuniko, injini ikiwa baridi, upime nafasi ya valvu kwa filageji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya): za kuingiza milimita 0.15 hadi 0.25, za kutoa 0.25 hadi 0.35. Kwenye teksi zilizofungiwa gesi hili linastahili uangalizi wa pekee. Gesi ni kavu kuliko petroli, kiti cha valvu hulika, valvu inapanda juu, na nafasi inaisha. Injini ikipata moto valvu haifungi tena, gari linamisi na nguvu inashuka, kisha asubuhi linawaka vizuri kama halina neno. Ukiwahi, kubadilisha kikombe cha valvu kwa chenye unene unaofaa kunatosha. Ukichelewa, valvu inaungua ukingo.

Chini ya injini, shahidi ni oili. Filta ya zamani usiitupe. Ikate kwa kikata filta, si kwa msumeno, kwa sababu msumeno unaacha chembe zake za chuma na utashindwa kujua ipi ni ya injini. Toa ile karatasi, ikunjue mikunjo yake juani, ikamue oili, kisha igeuzegeuze taratibu. Vumbi la kijivu linaloshika sumaku ni chuma: ringi, krenki, kamshafti au cheni. Vipande vyembamba vya kung'aa kama magamba madogo ya dagaa, ambavyo sumaku haivitaki, ni aluminiamu, na hutoka kwenye pistoni au beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki). Chembe mbili tatu kwa injini ya umri wake si msiba. Magamba yanayoonekana kwenye kila mkunjo ni beringi inayokufa, na gari hilo lisiwashwe tena hata kwa kulihamisha.

Thibitisha kwa presha. Toa swichi ya presha ya oili, funga geji mahali pake, pasha injini. Kanuni ya zamani ya mafundi bado inafaa: PSI 10 kwa kila mizunguko 1000. Taa nyekundu ya oili haikusaidii hapa, kwani huwaka presha ikiwa imebaki PSI chache sana, wakati beringi imeshaanza kusagwa.

Milio nayo inahitaji sikio tulivu. Ta-ta-ta nyepesi inayotoka juu, kwa kasi ya nusu ya krenki, ni valvu. Mchakacho wa sekunde moja mbili asubuhi, upande wa cheni, ni tenshena (kikaza cheni) au cheni iliyorefuka. Mlio wa kugonga unaosikika injini ikiwa baridi ukapotea ikipata moto ni pistoni inayocheza kwenye silinda, na gari linaweza kuishi nao kwa muda mrefu. Kunoki (kugonga) kwa konrodi ni kuzito, hutoka chini, na hujitokeza unapoachia mafuta ukitoka mizunguko 2500. Chomoa soketi ya nozeli moja baada ya nyingine. Ule mlio wa kugonga ukififia au kubadilika, umeipata silinda yake. Nozeli inafaa zaidi kuliko koili, kwa sababu petroli isiyoungua huharibu masega (kichujio cha moshi) kwenye bomba la moshi.

Haya yote hayana maana kwa injini iliyotiwa 20W-50 au dawa ya kuzuia moshi ili iuzwe. Oili nzito hufunika mlio na kupandisha presha. 1NZ imetengenezewa oili nyepesi, 5W-30 au 10W-30. Ukikagua gari la kununua na kijiti kinatoa oili inayovutika kama asali, mwambie muuzaji mkubaliane imwagwe, iwekwe sahihi na filta mpya, ndipo mpime. Akikataa, vaa viatu uondoke.

Namba zikishasema ni beringi tu, sampu inaweza kushushwa bila kutoa injini. Fungua kofia ya konrodi moja kwa wakati, iweke alama ya namba na upande wake, uitazame, uirudishe kabla ya kugusa inayofuata. Kofia zikichanganywa, beringi mpya zitakufa ndani ya wiki. Beringi yenye rangi ya kijivu iliyo sawa imechoka kiumri tu. Yenye mikwaruzo inayoshika ukucha inamaanisha krenki nayo ipimwe kwa maikromita, na hapo ndipo swali la kuchonga krenki au kutafuta injini ya mtumba linapokuwa na majibu.