Usiitupe habu ya zamani kabla hujalitazama bakuli lake

Baiskeli nyeusi za Raleigh zilizotengenezwa Nottingham, Uingereza, bado zinaonekana hapa Tabora, nyingine zikibeba magunia ya mkaa kutoka njia ya Sikonge na nyingine zikiwa zimeegemezwa tu nyuma ya nyumba za wazee wa Isevya. Fremu zake mara nyingi ni nzima, ila magurudumu yanayumba na kukwaruza, na fundi mwenye haraka humwambia mwenye baiskeli anunue habu mpya, yaani kile kitovu cha gurudumu kinachopitiwa na ekseli. Ushauri huo una gharama isiyotajwa. Baiskeli hizo za Kiingereza kwa kawaida zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa hiyo anayeletewa habu yenye matundu 36 atalazimika kubadili na ringi.

Ndani ya habu kuna sehemu tatu zinazosuguana, yaani koni inayokaa kwenye ekseli na kubana gololi, gololi zenyewe, na bakuli ambamo gololi huzunguka. Koni na gololi hununuliwa dukani, lakini bakuli ni sehemu ya habu yenyewe, na ndiyo maana mimi huanza na bakuli kabla ya kuhangaika na kutu ya nje. Ninaweka gurudumu juu ya sinia yenye kingo, nalegeza loknati, ile nati ya nje inayoifunga koni, kisha nachomoa ekseli taratibu huku nikihesabu gololi zinazodondoka: mbele huwa 10 kila upande, za inchi 3/16, na nyuma huwa 9 kila upande, za inchi 1/4. Koni inahitaji spana nyembamba. Asiyekuwa nayo anaweza kusaga spana kuukuu kwenye jiwe la kunolea mpaka ikaingia.

Hivi karibuni mzee mmoja jirani aliniletea gurudumu la mbele akilalamika kwamba amelitunza vizuri na bado linalia. "Mwanangu, mafuta nalitia kila Jumapili," alisema, nami nilimwamini, kwa kuwa habu ilikuwa imelowa mafuta hadi kwenye spoku. Lakini kile kibanio cha bati kinachofunika tundu la mafuta katikati ya habu kilikuwa kimeng'oka, na tundu limebaki wazi kiangazi chote. Nilipochukua ute mweusi uliokuwa ndani na kuusugua kati ya vidole, ulikwaruza kama msasa. Mafuta ya Jumapili yalikuwa yakichanganyika na mchanga wetu, na mchanganyiko huo ulikuwa umezichimba koni zote mbili upande mmoja.

Bakuli lilioshwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa, likatazamwa juani. Mstari unaong'aa pale gololi zinapopita si tatizo. Kinachotafutwa ni vishimo, na jicho likishindwa kuviona, ncha ya kalamu ya wino ikipitishwa polepole juu ya mstari huo itakwama. Mabakuli yote mawili ya mzee yalikuwa laini, hivyo tulinunua koni na gololi tu. Gololi nabadilisha zote hata kama mbovu ni mbili, kwa sababu mpya na zilizolika hazibebi mzigo sawa. Koni mpya ijaribiwe kwanza kwa vidole kwenye ekseli, na ikigoma isilazimishwe kwa spana, kwani nyuzi za skrubu za Raleigh hazilingani na za kila kiwanda. Tundu la mafuta nililifunga kwa ukanda wa tyubu kuukuu uliovutwa ukazunguka habu.

Habu ya nyuma ya Sturmey-Archer yenye gia tatu, aina ya AW iliyoanza kutengenezwa mwaka 1936, ni habari nyingine. Nyingi zimegongwa mwaka na mwezi wa kutengenezwa kwenye ganda, jambo linalonifurahisha kupita kiasi. Kama gia zinaingia, itiwe mafuta mepesi na iachwe bila kufunguliwa.

Kazi inayohitaji subira ni kubana koni. Loknati inapokazwa huisukuma koni ndani kidogo, hivyo koni iachwe na ulegevu mdogo kabla ya kukaza, kisha ekseli ishikwe na kutikiswa. Gurudumu likiwa limeinuliwa, valvu ikiwekwa pembeni na kuachiwa, uzito wake peke yake unapaswa kuligeuza gurudumu mpaka valvu itulie chini. Lisipogeuka, koni imebanwa mno.