Bila punda nguruwe wangu nisingewaweza

Watu wakisikia nafuga nguruwe huku Masasi wanakimbilia kuuliza bei ya kitimoto, mi nawaambia niulizeni kwanza kuhusu punda.

Iko hivi, kuanzia Oktoba korosho zikianza kudondoka mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanatapakaa shamba zima, wapika nipa, pombe kali ya kienyeji, wanachukua yao, mengine mengi yanaozea palepale chini ya mikorosho. Na nguruwe anayapenda sana! Ila bibo linachacha haraka, kwahiyo ukishanyonyoa korosho yako lazima lifike nyumbani siku hiyohiyo likatwe lianikwe, sasa kwa baiskeli utabeba ndoo ngapi? Punda na mkokoteni anasomba magunia kwa safari moja, akigeuza kurudi shambani namjazia samadi ya bandani. Yakikauka nayatunza kwenye viroba, nachanganya na pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, mabibo peke yake hayatoshi maana protini ni kidogo.

Wenzetu Ulaya wana mafarasi makubwa ya kuvuta plau, huku kwetu mbung'o ni tatizo kwa farasi, punda anahimili zaidi japo naye anaumwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Kinachoniuma ni watu kumfunga punda nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu, nira inapata pa kuegemea, punda hana, mti unakaa juu ya mfupa unasugua mpaka ngozi inatoka na bado anachapwa atembee. Punda anavuta kwa kifua jamani! Fundi viatu alinishonea mkanda mpana wa kifuani, ndani tukaweka vipande vya blanketi, na kila jioni napitisha mkono chini yake kuangalia kama kuna sehemu ina joto au manyoya yamelala vibaya.

Bandani nako siingizi mtu ovyo, hata mnunuzi anasimama nje, maana homa ya nguruwe haina dawa na ikiingia inafagia banda. Makombo ya hotelini sichukui kabisa, huwezi kujua kama yamechanganyika na nyama ya nguruwe mgonjwa.

Sasa hivi natafuta mkanda wa pili, nimepata punda mwingine na huyu wa kwanza kifua chake ni kipana zaidi, hawawezi kuazimana. Kama kuna mtu Nachingwea au Newala anamjua fundi wa ngozi mzuri aniambie kabla msimu haujaanza.