Tulivyopata hela ya klabu bila kuchangisha wanafunzi

Nilipokabidhiwa uenyekiti wa klabu ya Interact shuleni kwetu, nikiwa kidato cha tano, nilikuta kaunta buku, mhuri, na deni la soda za mkutano wa mwaka uliotangulia. Hela hakuna. Interact ni klabu za vijana wa miaka 12 hadi 18 zinazolelewa na Rotary, chama cha watu wazima wanaojitolea kuhudumia jamii. Ya kwanza ilianza mwaka 1962 katika shule ya Melbourne High, Florida, na kila klabu inatakiwa kuwa na miradi miwili kwa mwaka: mmoja wa kuhudumia shule au jamii, mwingine wa kujenga maelewano kati ya mataifa. Huo wa pili tuliumaliza kwa kuandikiana barua na klabu moja ya Uganda. Wa kwanza ndio uliotutoa jasho.

Mazoea ya shule nyingi za bweni ni kuchangisha. Kiongozi anasimama mstarini, anasema kuna watoto wana shida mahali, kila mmoja atoe mia tano, kisha viranja wanapita madarasani na orodha ya majina. Nililipinga hilo tangu kikao cha kwanza. Mwanafunzi wa bweni aliyebakiwa na mia tano tarehe za mwishoni anaitegemea kwa andazi la saa nne. Ukimwandika kwenye orodha mbele ya wenzake, hapo hujamwomba, umemtoza. Tukakubaliana hela itoke kwa watu wanaokuja shuleni wakiwa wamejiandaa kutumia, na watu hao tunawapata siku ya mahafali.

Aliyewahi kufika kwenye mahafali ya kidato cha nne anajua hali ya getini. Wachuuzi wametundika mashada kwenye uzio tangu alfajiri. Mama anamvisha mwanawe mawili, shangazi hakubali kupitwa, naye ananunua matatu, mpaka mhitimu haonekani shingo. Tulichofanya ni kuomba meza moja ndani ya uzio, karibu na maegesho. Mkuu wa shule alikubali kwa masharti: prepo isiguswe, na hela isilale bwenini hata usiku mmoja. Mtaji tulikopa kwa wanarotari wanaotulea, kwa maandishi kabisa.

Kazi ya kutengeneza mashada yetu ya karatasi ilifanyika Jumamosi baada ya usafi. Unakata karatasi laini ya rangi vipande vya upana wa kiganja, unapanga kadhaa pamoja, unakunja mkunjo huku mkunjo kule, unafunga uzi katikati, kisha unafumua tabaka moja moja mpaka litokee ua. Ukiharakisha linachanika. Watoto wa kidato cha kwanza walitushinda sote kwa vidole vyao, na wao ndio waliobuni kufunga peremende kila baada ya ua la tatu. Wazo hilo liliuza kuliko bei yetu nafuu, maana wadogo wa wahitimu waliwaburuta mama zao hadi mezani.

Ugumu ulikuwa malipo. Sisi simu hairuhusiwi, na wageni wengi hawatembei na noti siku hizi. Mlezi wetu alikaa nasi kutwa nzima na simu yake. Kila muamala aliousoma, mweka hazina aliuandika palepale kwenye kaunta buku, na mwanachama mwingine akatia saini pembeni. Jirani yetu walikuwa Roots & Shoots, klabu ya mazingira, wakiuza miche ya mipapai. Hao hupenda kutukumbusha kwamba klabu yao ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1991, mtafiti wa sokwe Jane Goodall akiwa na wanafunzi 12, na sisi ni wageni wa kutoka Marekani. Miche yao iliisha mapema, lazima niseme.

Jumatatu hesabu ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo: mauzo, gharama, mkopo uliorudishwa, na soda za waliouza. Soda zilileta maneno. Wengine walitaka zifichwe kwenye "gharama nyingine". Mimi nilisema ziandikwe, tena kwa idadi, kwa sababu ukishaficha soda, kesho hakuna atakayeamini hata hela ya karatasi.

Tulikuwa tumepanga kununua taulo za kike kwa ajili ya shule ya msingi ya jirani. Bei madukani ilikuwa juu. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya bidhaa hiyo hapa Tanzania iliondolewa mwaka 2018, ikarudishwa mwaka uliofuata kwa maelezo kwamba mnunuzi hakuona unafuu. Kabla ya kununua chochote, wasichana wachache wa klabu tulikwenda na matroni kuonana na mwalimu wa ushauri nasaha wa pale.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba wanangu, karibuni. Twendeni kwanza nikawaonyeshe."

Akatupeleka chooni. Milango haikuwa na komeo, maji hakuna, na msichana akiingia, mwenzake husimama nje ameshika mlango. "Mkileta pedi tutashukuru," akasema, "lakini huyu atabadilishia wapi?"

Basi fedha nyingi ikaenda kwenye makomeo, ndoo zenye koki, ndoo zenye mifuniko za kutupia, na sabuni. Pedi tulinunua za dharura, zikakaa kwenye kabati la mwalimu. Wavulana wa klabu ndio waliofunga makomeo. Mbao za milango zilikuwa zimeoza pembeni, skrubu hazikushika, ikabidi watoboe mpaka upande wa pili na kukaza kwa bolti na nati. Mwanzoni walikuwa wanaona aibu kutajiwa kazi yenyewe ni ya nini; walipokwisha kubishana kuhusu ukubwa wa bolti, aibu ikaisha yenyewe.

Wanarotari waliomba picha ya makabidhiano. Tuliwapa ya milango na ndoo. Kumpanga mtoto wa darasa la sita na pakiti ya pedi mkononi ili sisi tuonekane wema, hilo tulilikataa, na matroni alituunga mkono. Ripoti ilikwenda na risiti zake zote, na kiasi kilichobaki kikawekwa kwenye akaunti ya shule kuwa mtaji wa karatasi za mahafali ya kidato cha sita, ili uongozi mpya usianze kwa kukopa.