Cornas 2010, chupa ya nne: kizibo kimetoka kizima

Kimetoka kizima! Kiko hapa mezani ninapoandika: ncha ya chini nyeusi tii, ubavu mkavu kuanzia chini hadi juu. Chupa ya tatu ilinivunja moyo. Kizibo chake kilimomonyoka mkononi, na mvinyo ulikuwa umepanda pembeni yake hadi chini ya kofia ya bati. Mvinyo ulikuwa umepooza, hauna ladha ya tunda wala harufu. Chupa hizi ni za mvinyo mwekundu wa Cornas, kijiji cha bonde la Rhône huko Ufaransa, wa mavuno ya 2010, kutoka kwa mtengenezaji Clape; zilikuwa sita tu, nilizonunua 2013 nilipohamia Lyon. Kupoteza moja kwa makosa ya stoo yangu kuliniuma sana.

Lawama niliitupia hewa kavu ya stoo, maana ukavu hukausha vizibo, na hapo ndipo nilipopotezea majira mawili ya baridi.

Kipimaunyevu kilisoma asilimia 48. Sote tunajua tunatafuta 70 au karibu yake. Nikaweka ndoo za kokoto zilizolowa, kikasoma 50. Nikatundika taulo mbichi, 51. Usiku mmoja nikaukumbuka mtungi wa bibi Tanga, ulivyokaa kwenye mchanga pembeni ya jiko ukitoka jasho kutwa, na maji yake yakawa baridi hata saa saba mchana. Ule ulikuwa ukitoa unyevu hewani bila umeme! Nikanunua chungu kikubwa cha maua cha udongo mtupu, nikaziba tundu kwa saruji, nikakijaza maji. Kilikunywa karibu lita moja kila siku mbili tatu. Namba ikafika 56, ikagoma. Nikaongeza chungu cha pili, ikafika 58, ikagoma tena. Nilikuwa nikishuka ngazi na ndoo baada ya kazi kama mtu anayenywesha ng'ombe.

Halafu lebo zikaota kuvu.

Nilisimama nikaitazama ile chupa kwa muda mrefu. Kuvu haioti kwenye hewa ya 58. Ama macho yangu yanadanganya, ama kipimo. Nikafanya jaribio la chumvi, ambalo ningepaswa kulifanya siku niliyokitoa kipimo kwenye boksi: chumvi ya mezani kwenye kifuniko, matone ya maji hadi iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, kisha kifuniko na kipimo ndani ya mkebe uliofungwa kabisa, usiku kucha. Hewa ya humo hutulia kwenye 75. Changu kilisema 57. Pointi kumi na nane! Stoo yangu haikuwa kavu hata siku moja. Ilikuwa kwenye 66 au hapo karibu tangu mwanzo, na mimi nikaigeuza kinamasi. Vyungu nimevitoa. Kimoja sasa kina mmea wa rehani dirishani na unastawi vizuri.

Kwa hiyo nini kiliiharibu chupa ya tatu? Nilikuwa nikishuka Jumapili asubuhi, nikisoma nyuzi 13, nikifurahi. Safari hii niliacha kifaa kinachorekodi kila dakika kumi kwa wiki nzima. Jioni bomba la joto la jengo, linalopita juu ya rafu yangu, likiwashwa, hewa ilipanda hadi 20. Asubuhi ikarudi 13. Hewa peke yake haitoshi kuhukumu, kwa hiyo nilitumbukiza kihisio ndani ya chupa iliyojaa maji na kuilaza kati ya zile nyingine. Rafu ya juu kabisa, zilikolala chupa za Cornas: kutoka 12 hadi 17, kila siku, msimu mzima. Nyuzi tano huongeza ujazo wa mvinyo ndani ya chupa kwa zaidi ya nusu ya mililita, na nafasi iliyoachwa chini ya kizibo ni ndogo. Kizibo kikisukumwa na kuvutwa namna hiyo usiku baada ya usiku, mwisho kinaachia.

Dawa yake ilichukua alasiri moja. Bomba nililivika pamba ya kuzuia joto, chupa nikazishusha rafu ya chini kwenye ukuta wa kaskazini. Nilikuwa nimepanga pia kujenga mlango mnene, na mbao nimeshanunua, lakini namba zimetulia kiasi kwamba mbao hizo zitakuwa rafu ya jikoni.

Kuhusu vizibuo: kwa kizibo cha umri huu situmii tena parafujo peke yake. Kile cha mabapa mawili ni kizuri, ila kizibo kikiwa kimelegea hukisukuma ndani. Kinachounganisha parafujo na mabapa ndicho kilichofanya kazi Jumamosi, na bei yake, ambayo niliilalamikia, naona sasa ni halali.

Sasa mvinyo wenyewe. Chupa niliisimamisha siku tatu mashapo yashuke, nikaimimina polepole juu ya mwanga wa tochi ili niyaone, nikaacha vidole viwili vya mwisho. Katikati ya glasi rangi bado ni nzito, pembeni umeanza kugeuka rangi ya tofali. Mara ya kwanza ulinuka chuma na nyama mbichi tu, nikaingiwa na hofu. Baada ya saa moja ukafunguka: zeituni nyeusi, moshi, na pilipili manga waziwazi kama imesagwa sasa hivi. Shemeji alinusa mara tatu hakuipata hiyo pilipili kabisa, na si kosa lake. Harufu hiyo huletwa na kemikali iitwayo rotandoni, ambayo watafiti wa Australia waliitambua kwenye zabibu za Syrah mwaka 2008, na karibu mtu mmoja kati ya watano hawezi kuinusa.

Lakini kilichonifanya niketi niandike ni ukakasi. Chupa ya kwanza, 2016, ilinikausha ulimi kama bibo lisiloiva. Granaiti ya Cornas, Syrah tupu, mashada yamechachushwa na vikonyo vyake: nilijua ingehitaji muda, lakini sikujua ingefika wapi. Sasa ukakasi upo bado, ila umelainika kama wa chai ya rangi iliyokolea. Unashika ulimi kidogo, kisha unauachia, na uchachu unabaki ukiangaza hadi mwisho. Saa nne baadaye glasi ya mwisho ilikuwa nzuri kuliko zote.

Zimebaki mbili. Moja nitaifungua 2028, nyingine sijaamua. Kihisio leo asubuhi kimesoma 12.4, jana usiku 12.6.